Uzinduzi wa Mfumo wa Kusaka Maneno Yanayojirudia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Manaibu wao na Makaimu wa Manaibu. Viongozi wetu wa dini, mliotuombea dua ndefu kuliko ratiba. Mama mkunga wa wodi ya wazazi, nakuona hapo nyuma, kunjua uso kidogo. Wadau wa maendeleo, na wananchi mliosimama kwa sababu viti vimeisha: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima.

(Makofi kutoka kwenye viti.)

Ndugu zangu, kwa neema ya Mwenyezi Mungu na kwa usimamizi wangu wa karibu, leo tunazindua Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Kubaini Marudio, ambao utapokea barua zenu zote za malalamiko, uziunganishe ziwe mstari mmoja mrefu wa herufi, kisha usake humo kipande kirefu kuliko vyote kilichotokea zaidi ya mara moja, ili kero inayojirudia ndiyo itatuliwe kwanza.

(Sauti: "Unasakaje, mzee? Tufafanulie.")

Nitafafanua, na niwaambie kama ndugu, shule mimi sikufika mbali, lakini hili limeniingia nikiwa nanyoa ndevu. Chukueni neno barabara. Likateni kichwa herufi moja moja, mbaki na mikia: arabara, rabara, abara, mpaka a peke yake. Ipangeni mikia hiyo, pamoja na neno lenyewe, kwa mpangilio wa alfabeti, kama watoto mstarini. Wanaofanana mwanzo watajikuta wamesimama jirani, kwa hiyo huna haja ya kumlinganisha kila mmoja na wenzake wote. Unatazama majirani tu. Bara atasimama ubavuni mwa barabara, wamefanana herufi nne, na hakuna majirani wanaowazidi. Basi bara ndicho kipande chetu. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo algoriti.

(Makofi. Mkunga: "Baba, barua zetu zote zinasema maji hayatoki wodini. Wenzetu wanajifungua, tunawaosha kwa maji ya kuchota mbali.")

Ahsante kwa mfano mzuri, mama. "Maji hayatoki wodini" ni kipande chenye urefu wa kuridhisha, na tathmini yetu ya awali inaonyesha kwamba uwezo wa kukibaini utapanda kwa asilimia mia moja na arobaini.

(Mkunga: "Mbona umeshakibaini? Umekitamka sasa hivi.")

Nimekitamka kwa mdomo, mama, si kwa utaratibu. (Kicheko, hasa kwa waliosimama.) Tukianza kila mtu kusikia kwa masikio yake, taasisi itabaki na kazi gani? Mimi nina masikio mazuri tu, namshukuru Mungu, lakini siyatumii ovyo katika utumishi wa umma.

Sasa tuitikie kaulimbiu. Kero ikija mara moja? (Viti: "Isubiri.") Ikirudi? (Viti: "Tuipange kwa alfabeti.")

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu wa kuandika programu hii, ambao Mungu akipenda tutawapata. Naishukuru ofisi ya manunuzi, iliyolikataa ombi letu la kompyuta kwa kuwa tuliliandika mara moja tu, na kwa kanuni yetu wenyewe jambo la mara moja bado si kero. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi bomba wa hospitali, ambaye tangu wiki iliyopita ameacha shughuli zake zote wodini ili aje kutufungia hema na spika.

(Mkunga: "Kumbe uko huku, mwanangu?" Fundi: "Niliitwa, mama. Kule kimebaki kiungio kimoja tu cha bomba." Mkunga: "Beba vifaa vyako, twende." Wanaondoka. Waliosimama wanawafuata.)

Naam. Mmejionea wenyewe, waheshimiwa mliobaki. Katibu, andika: kero ya kwanza imetatuliwa na mfumo.