Tairi za Kumbeba Bibi Harusi

Habari iliingia kijiweni Alhamisi asubuhi kupitia simu ya Frank Kamba, dereva wa bodaboda. Aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: Jumamosi, nje ya mji, kwenye kipande cha lami mpya ambacho hakijafunguliwa, magari ya mtaani yatashindanishwa mita mia nne, mawili mawili, kwa kibali, gari la wagonjwa likiwa pembeni.

"Na jozi ya tatu," Kamba akapandisha sauti, "Halidi Turbo wa Bigwa dhidi ya Twalibu wa Dumila!"

Kijiwe chetu kiko Bigwa, pale lami inapokwisha na kilima kinapoanza, mbele ya banda la Hashimu Pancha, fundi wa kuziba na kuuza tairi za mtumba. Wote tulimgeukia Turbo. Alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

"Oya Turbo, kweli hii?"

"Kweli. Na wala si mashindano tu. Jumapili Raya anaolewa."

Raya ni mdogo wake, mtoto wa mwisho kwao. Anaolewa na mdogo wake Twalibu. Tangu posa ilipopokelewa, Turbo na Twalibu walikuwa wakigombania jambo moja: gari la nani litamleta bibi harusi kutoka saluni mjini hadi nyumbani kwao, juu ya kilima. Wazee waliwasikiliza kwa vikao viwili, wakachoka, wakawaambia wamalizane wenyewe.

"Tumemalizana hivi," Turbo akasema. "Atakayeshinda Jumamosi atambeba Raya. Atakayeshindwa atabeba masufuria ya pilau kutoka kwa shangazi, Mwembesongo."

Pancha aliacha kugonga ringi.

"Mzee baba," akasema Pancha, "yaani kaka mtu ufike kwenye harusi ya dada yako unanukia kitunguu?"

"Jana Twalibu kanitumia picha ya sufuria. Limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Kaandika: mzoee abiria wako."

"Huyo mtani," akasema Mama Karoti, ambaye jina lake ni Magdalena na mboga zake hushuka kila asubuhi kutoka mlimani. "Mtani hakasirikiwi. Unamshinda tu."

"Nitamshindaje, mama yangu? Mark Two yangu injini inayo. Ardhi ndiyo hainikubali. Nikikanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka palepale."

"Tulikuona juzi," akasema Pancha. "Ulitoa moshi mpaka Mama Karoti akaanua nguo."

"Na yeye ana Forester, inavuta kwa magurudumu yote manne. Taa ikiwaka, yeye huyooo! Mimi bado nachoma mahindi. Nisaidieni tairi, jamani. Tairi gani itashika lami?"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Ukiuliza swali la kitaalamu kijiweni kwetu, utajibiwa na wote isipokuwa mtaalamu.

"Vipara!" Pancha akasimama. "Umeziona gari za mashindano kwenye simu? Tairi zao zina meno? Hazina! Nyororo kama kichwa cha mtoto wa arobaini. Mimi vipara ninavyo banda zima. Wenzako wanavitupa, kumbe ni mali!"

"Acha fiksi, Pancha," Kamba akadakia. "Wewe unataka kusafisha banda. Turbo, sikiliza mtu anayepanda mlima kila siku. Weka tairi za tope, zile za meno kama jembe. Halafu unazizungushia kamba ya katani. Mimi masika nafika mpaka juu kabisa na gunia la kabichi na mama mwenye kabichi."

"Kwenye lami, Kamba?"

"Lami si ardhi?"

"Mnajisumbua," akasema Mama Karoti. "Shida yenu si tairi kuteleza? Basi ipakeni kitu kinachonata. Fenesi hili hapa. Ulimbo wake ukikushika mkono, unalala nao, unaamka nao."

Ninaripoti kilichotokea kama kilivyotokea. Fenesi lilipasuliwa. Kamba, kwa ajili ya sayansi, alitoa tairi ya nyuma ya pikipiki yake. Walipaka ulimbo duara zima, akawasha, akaondoka kwa kishindo. Alizunguka msikiti akarudi. Kwenye tairi kulikuwa na mfuko wa sukari, manyoya ya kuku, karatasi ya vitumbua na kandambili ya mguu wa kushoto. Nyuma yake alikuja mwenye kandambili, anachechemea na kutukana.

"Lakini imeshika," akasema Mama Karoti.

"Imeshika kila kitu isipokuwa barabara," ikajibu sauti nyingine.

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Leonard, aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu, na ambaye wanafunzi wa miaka yote walimwita Msuguano. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akajibu marahaba moja ikatutosha wote.

"Halidi, swali lako liseme kwa ukamilifu."

"Tairi gani itashika vizuri, Mwalimu."

"Itashika wapi?"

"Kwenye lami."

"Kavu?"

"Kavu, Mwalimu. Mita mia nne, moja kwa moja."

"Vizuri. Sasa kuna jibu." Mwalimu akainamia kipara kimojawapo cha Pancha, akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. "Ufutio mpya na ufutio uliokaa kabatini miaka kumi, upi unashika karatasi?"

"Mpya," akasema Turbo. "Wa zamani unateleza na kuchana daftari."

"Kwa nini?"

"Umekauka."

"Basi hiki ni ufutio wa kabatini. Tairi za mashindano hazina meno, ni kweli, lakini hilo si sababu pekee ya kushika. Zinashika kwa sababu mpira wake ni laini. Pancha ameona upara, hakuona ulaini."

"Mwalimu unaniaibisha mbele ya wateja," akasema Pancha.

"Wateja wako wapi?"

Pancha akaangalia. Hawakuwapo.

"Na meno ya Kamba?" Turbo akauliza.

"Kati ya jino na jino kuna nini?"

"Nafasi."

"Nafasi haishiki lami. Wewe unataka mpira mwingi uguse chini. Tafuta tairi mbili za nyuma, saizi ileile, zenye mifereji michache. Ubavuni, kwenye aina nyingi, kuna namba ya uchakavu. Ikiwa ndogo, mpira ni laini. Zitashika sana na zitaisha upesi."

"Za namna hiyo zipo Dar," Pancha akakiri. "Huwa siziagizi kwa sababu zinaisha."

"Na upepo usijaze sana," akasema Mama Karoti. "Toroli langu likijazwa linarukaruka tu na nyanya zangu. Nikipunguza kidogo, linatulia."

Mwalimu alimtazama kwa heshima ya kisayansi. "Huyu, tukiondoa suala la fenesi, amesema kweli. Punguza kidogo tu, tena nyuma tu, na mashindano yakiisha rudisha kabla hujatoka barabarani. Ukipunguza sana, ringi itaikata tairi."

Ijumaa tairi zilifika kwa basi. Ukizigusa, zilikuwa laini kama ngozi ya mtu. Jumamosi Turbo alizizungusha kidogo kabla ya kuanza ili zipate joto, kama Mwalimu alivyoelekeza, na taa ilipowaka Mark Two haikuchoma mahindi. Iliondoka. Twalibu alikuja kumkaribia mwishoni, akashindwa kwa urefu wa boneti.

Usiku huo Turbo alimtumia Twalibu picha ya mwiko.

Jumapili mchana kijiwe kilijaa. Tulivaa vizuri, tukasubiri bibi harusi apite ndipo tumfuate kwenye pilau. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi, kama kawaida yake. Saa nane likashuka. Ilinyesha nusu saa, na njia ya kilimani, ambayo ni udongo mwekundu mtupu, ikawa sabuni.

Mvua ilipokata tu, Mark Two ikatokea, imepambwa riboni, honi juu. Turbo ndani ya suti alitupungia mkono kama waziri. Akaiacha lami, akaingia kilimani, akakanyaga mafuta.

Gari lilipanda hatua tano. Likasimama. Tairi za nyuma zilizunguka kwa bidii kubwa, na kilichosogea ni tope. Kisha likaanza kurudi chini lenyewe, taratibu, kwa adabu, hadi likakaa mshazari katikati ya njia, mbele yetu.

"Tusukume!" akapiga kelele Kamba.

Tulisukuma. Pancha alisimama nyuma ya tairi ya kulia na shati jeupe. Hatukumtambua tena mpaka aliposema.

Turbo akatoka, akazama hadi kwenye soksi. "Mwalimu! Hizi tairi umesema zinashika!"

"Zinashika lami kavu," akasema Mwalimu Leonard chini ya mwavuli. "Mifereji michache haina pa kutolea tope. Hilo linajulikana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Hapo ikaja Forester, imejaa masufuria mpaka kwenye dirisha la nyuma. Twalibu akashusha kioo, harufu ya pilau ikatushukia wote.

"Shemeji," akamwambia Turbo kwa upole wa kutisha, "naona bingwa unapumzika."

"Pita zako."

"Nipite wapi? Umelala njiani."

Mlango wa Mark Two ukafunguka. Raya akatoka na shela lake, akakunja gauni, akavua viatu vya kisigino, akamkabidhi kaka yake. Akavuka tope peku kwa hatua tatu, bila kuteleza hata kidogo. Sufuria la maharage likahamishwa kiti cha nyuma. Bibi harusi akaketi mbele, sufuria dogo la kachumbari mapajani, akafunga mkanda.

Turbo alibaki amesimama na viatu mkononi. "Raya! Mimi ndiye niliyeshinda!"

Raya akatoa kichwa dirishani.

"Najua, kaka. Hongera. Sasa sogeza gari, pilau inapoa!"