Uzamili wa Kunawa Mikono

Jumatatu, 4 Machi
Naandika haya ili nikifa asitokee mtu wa kunisingizia. Nijisingizie mwenyewe. Daktari amesema moyo umechoka. Nilimuuliza umechoka na nini. Akasema, kwa heshima zote, umechoka na mimi.

Basi haraka! Nimebakiza tasnifu tu. Shahada ya uzamili katika afya ya jamii ya kimataifa. Kimataifa, na mimi kufika bombani ni safari! Mjukuu wangu, anayeniuguza, ananiita mume wake. Leo kauliza mume wake anakwenda na shahada kaburini akamwonyeshe nani. Ukweli ni kwamba tangu nikifundisha shule nataka kujua kwa nini mtu anajua la kufanya na halifanyi. Ukweli wa pili ni shemeji.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Yuko nyumba ya pili, tunatenganishwa na ukuta. Aliposikia nimejiandikisha, naye akajiandikisha. Darasa lile lile! Mada ile ile: nani ananawa mikono akitoka chooni. Yeye kwao, mimi kwetu. Atakayechelewa mwezi huu atangoja mwaka ujao. Mimi mwaka ujao sina.

Jumanne, 5 Machi
Nimewahoji wapangaji wote, chumba kwa chumba, mjukuu kanishika mkono. Ushindi! Wote wananawa. Kwa sabuni! Fundi cherehani aliuliza kwanza wenzake wamejibuje, kisha akasema na yeye hivyo hivyo. Muuza mitumba alinipisha kiti, akaapa kwa jina la mama yake. Mama wa chumba cha kona aliniuliza taratibu, wewe Babu ungependa niseme nini?

Jioni nikapita bombani. Sabuni imepasuka kwa ukavu. Buibui kaifunga kwa utando mpaka kwenye bomba. Ajabu! Watu wote safi na sabuni haijaguswa. Nimefurahi kuliko kama wangenawa kweli. Mjukuu anasema hakuna cha ajabu hapo, nani atamwambia mzee mgonjwa kwamba hanawi?

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Maneno basi, sasa macho. Kiti changu kimewekwa kati ya vyoo na bomba. Blanketi magotini, kope nusu zimeshuka. Mzee anaota jua. Nani atashuku?

Fundi cherehani katoka chooni, kaniona, kanawa mpaka viwiko kama anayekwenda kupasua mtu. Muuza mitumba kanawa kabla ya kuingia, kisha kasahau kuingia. Baada ya hapo, kimya. Mama wa chumba cha kona alikuja na kopo lake la maji, akaniamkia, akauliza hali ya moyo, akageuka na kopo lake. Mchana mzima! Nyumba imejaa watu na hakuna mwenye haja? Nimeandika: huenda ni chakula.

Jumamosi, 9 Machi
Nimegundua. Wanakwenda kwa shemeji! Wanaona haya kuingia chooni mbele ya mzee, basi wanazunguka ukuta. Shemeji, ambaye magoti hayamruhusu kushuka, anatazama kutoka dirisha la ghorofani. Hawamwoni. Wapo ugenini, wana haraka, hakuna anayenawa. Amepata takwimu za kutisha. Foleni!

Aliniita dirishani kunishukuru. Eti, shemeji, kwako watu wanabanwa na heshima, kwangu wanafunguka. Nikamwambia anirudishie jamii yangu. Akasema jamii haina kamba shingoni. Moyo ukapiga vibaya. Mjukuu kanitoa pale, kasema waume wengine hugombania mali, wake anagombania choo.

Jumatatu, 11 Machi
Msimamizi wangu wa tasnifu kaja nyumbani. Umri wa binti yangu wa mwisho. Ananiamkia kwanza, kisha ananisahihisha. Nilidai takwimu za shemeji ziwe zangu, kwa kuwa miguu iliyokwenda huko ni ya huku. Aliuliza kama wapangaji walinipa idhini ya kuwatazama. Nikasema salamu zao zote niliitikia. Akafunika uso kwa viganja. Kisha akacheka mpaka chai ikamwagika.

Akasema, baba, waombe radhi na idhini, halafu andika hilo hilo. Uliuliza, wakakupa jibu la kukupendeza. Ulitazama, wakakimbia. Mtafiti anayeheshimiwa mno haambiwi kitu. Na shemeji? Amechanganya jamii mbili, tena naye hana idhini. Arudie. Arudie! Nimemaliza chakula chote.

Wapangaji wametoa idhini wote, papo hapo, kabla sijamaliza kueleza wanaidhinisha nini.

Jumatano, 27 Machi
Nimetetea tasnifu. Nimepita! Walinipandisha ngazi nikiwa kwenye kiti. Mbele ya jopo nikasimama mwenyewe. Nikaeleza kwamba swali pekee halitoshi, tazama pia nani anauliza, maana mtu akikuonea huruma atakupa jibu tamu na wewe utakwenda nalo nyumbani ukidhani ni ukweli. Wakagonga meza kwa furaha. Wakati wa kushuka kifua kikabana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mjukuu kanirudisha huku analia, kamwita daktari.

Mahafali ni mwezi ujao. Nataka kupita jukwaani kwa miguu yangu, shemeji akiwa kwenye viti vya wageni. Daktari akijua ya leo atanilaza hospitali, na huko sitatoka. Nikamtuma mjukuu akachemshe maji, taratibu, asiwepo nikihojiwa.

Daktari ni kijana mpole. Alikuwa hoi kwa kazi, macho mekundu. Aliuliza kama kifua kilibana. Nikasema hata kidogo. Mkono? Mzima. Vidonge? Kila siku, mwanangu, kwa wakati. Alisikiliza moyo, akakunja uso. Nikamwambia hiyo ni furaha. Ningemhuzunisha bure. Akaandika yote, akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa kama mimi.

Kijana mzuri sana. Lakini anaamini kila anachoambiwa! Nikipata nguvu nitamshauri asome shahada ya uzamili.