Mwalimu, Umeachwa!

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya shule nzima, na hasira bado hazijanitoka. Mkiona herufi zimekosewa mjue si ujinga, ni hasira. (Ujinga nao upo. Mtauona hivi punde.)

Wengi wenu mnajua mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi, Darasa la Tatu B. Wachache mnajua kwamba mwaka huu nimekuwa nikisali kwa Baba Mtume, yule mhubiri wa hema aliyekuja mjini na gari lenye spika juu. Msichojua ni kwamba jana, Jumapili, saa kumi jioni, nilitakiwa kunyakuliwa.

Ndiyo. Unyakuo. Parapanda, mawinguni, dunia kwaheri. Baba Mtume alisema ameoneshwa siku na saa. Tukavaa nyeupe, tukakaa uwanjani tangu asubuhi bila kula. Saa kumi ikafika. Ikapita. Saa kumi na moja ng'ombe wa watu wakapita katikati yetu wakirudi nyumbani, na mmoja akasimama mbele ya madhabahu akajisaidia bila haraka yoyote. Saa kumi na mbili Baba Mtume akashika kipaza sauti, akasema Mungu ameahirisha kwa sababu kati yetu kuna wenye mashaka. Tukaanza kutazamana kama watu waliopotelewa na simu ndani ya nyumba.

Mume wangu Shija ni Mkatoliki, mtu wa misa ya kwanza na kurudi kuangalia pamba yake. Jana asubuhi nilipomuaga kwa machozi aliniuliza swali moja tu:

"Ugali wa jioni nikuwekee, au utakula huko huko?"

Aliniwekea. Niliurudia, nikaula. Akaniongezea na mboga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa leo Jumatatu. Na hapa lazima niwaambie nilichofanya Ijumaa, maana ndicho kilichoniua.

Ijumaa niliaga kazini. Nilisimama ofisi ya walimu nikasema nawasamehe wote, mmoja mmoja, na makosa yao nikayataja. Mwalimu Tekla nikamsamehe umbea. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Malimi, nikamsamehe kulala ofisini kipindi cha tano. (Hakuna aliyekuwa ameniomba msamaha.) Kisha nikamkabidhi Mwalimu Mkuu barua ya kuacha kazi. Kisha nikaenda darasani kuwaaga watoto wangu, nikawaambia Jumapili naenda mbinguni na hatutaonana tena mpaka watakapookoka.

Basi leo asubuhi nimefika shuleni nikinyata. Nilipanga niingie ofisini, niichukue barua yangu kimyakimya, nijifanye Ijumaa nilikuwa na malaria.

Nafungua mlango, wako wote.

"Hee!" Tekla akaruka. "Karibu tena duniani, mwalimu. Safari vipi?"

Mwingine kwenye kona akauliza kama huko juu walinidai kitambulisho. Nikajifanya sisikii. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akafungua droo, akaitoa barua, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti! "'Naomba kuacha kazi kutokana na uhamisho wa milele.' Mwalimu, nimefanya kazi miaka mingi. Nimeona uhamisho wa kumfuata mume, uhamisho wa ugonjwa, uhamisho wa adhabu. Huu ndio wa kwanza wa aina yake. Kituo kipya wamekupokea?"

Ofisi nzima ikalala mezani kwa kicheko.

"Mwalimu, naomba tuongee faragha."

"Tutaongea. Ila kwanza angalia ubaoni. Mwalimu wa zamu wiki hii ni nani?"

Nikaangalia. Jina langu! (Ratiba ilipotoka sikuhangaika kubadilishana na mtu. Ya nini? Wiki hii ningekuwa mawinguni.) Na mwalimu wa zamu ndiye anayesimama mbele ya shule nzima mstarini asubuhi. Kengele ikagongwa hapo hapo.

Nikatoka. Nikapanda kile kijukwaa cha saruji chini ya bendera. Shule yote imepangwa, tangu la kwanza mpaka la saba, kimya. Nikafungua mdomo niseme habari za asubuhi.

Sauti nyembamba ikatoka mstari wa Darasa la Tatu B:

"Mwalimu ameachwa!"

Jamani. Mstari wote ukadaka. "Mwalimu umeachwa! Mwalimu umeachwa!" Na wala hawakuwa wananicheka. Walikuwa wananihurumia! Wawili walishaanza kulia. Nikapiga makofi wanyamaze. Wakanyamaza. Kisha msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono juu, kwa adabu zote nilizomfundisha mimi mwenyewe.

"Mwalimu, kwani ulifanya dhambi gani?"

Hapo Darasa la Saba wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu wa michezo akaingia nyuma ya tangi la maji, mabega yanaruka. Nikasema, "Vunjeni mstari, kila mtu darasani kwake," lakini sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa. Hakuna aliyesogea. Maana wote walikuwa wanaangalia nyuma yangu, getini.

Alikuwa anaingia bibi mmoja, mkavu, mrefu, miguu ina vumbi la mbali. Nyuma yake mwanafunzi wangu Limi, ameshika upindo wa kitenge cha bibi kwa mikono miwili. Limi ni mtoto mtulivu, anakaa dawati la mbele. Mama yake alishafariki, anaishi na huyo bibi.

"Mwangaluka mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi mama, na magoti nikapiga kidogo.

Hakuitikia. Wenye kwao huku mnajua mtu mzima kutoitikia salamu maana yake nini.

"Wewe ndiye uliyemwambia mjukuu wangu kwamba mimi nitaachwa niungue?"

Nikakumbuka. Ijumaa, wakati nawaaga, Limi aliniuliza: mwalimu, bibi yangu hasali, yeye ataachwa? Nami nilijibu ndiyo, kama hajaokoka ataachwa. Nilijibu huku natabasamu. Halafu nikaenda kunawa chaki.

"Mayu, nilikuwa..."

"Subiri, nakuambia. Tangu Ijumaa mtoto huyu habanduki kwangu. Nikienda chooni yuko mlangoni kashika nguo yangu. Kulala, kachukua kamba ya mbuzi kafunga mguu wake na mguu wangu. Chakula hali. Jana jioni nimekaa napukuchua mahindi, kaja kanilalia mapajani kwa uzito wake wote. Namwambia toka, hatoki. Namuuliza una nini. Anasema, bibi, nakukalia ili mimi nisipae nikakuacha."

Hakuna aliyecheka. Hata la saba.

"Mama yake aliondoka huyu akiwa mdogo," bibi akaendelea, sasa sauti imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi ilivyoshuka. "Mimi ndiye aliyebaki naye. Na wewe, mwalimu, mtu wa serikali, unamwambia na huyu aliyebaki anakwenda motoni. Haya. Mwambie. Ulimwambia mbele ya wenzake, na leo mwambie mbele ya wenzake."

Nikashuka jukwaani. Nikapiga magoti kwenye kokoto. Machozi nilikuwa nayo, lakini niwaambie ukweli, mengi yalikuwa ya hasira. Hasira kwa Baba Mtume, hasira kwa spika zake, na kubwa kuliko zote kwangu mimi, mtu mzima mwenye cheti, niliyepokea maneno kwa mtu nikaenda kumpelekea mtoto wa miaka tisa bila hata kuyapima.

"Limi, mwalimu alikosea."

"Hukukosea," bibi akasema akiwa amesimama juu yangu. "Kukosea ni hesabu. Sema ulichofanya."

Nikamgeukia mtoto tena.

"Limi, nilisema kitu nisichokijua. Sijui nani atakwenda na nani atabaki. Sijui lini. Aliyeniambia naye hajui. Bibi yako hakufanya kosa lolote."

Limi akauliza, "Kwa hiyo nikimwachia hatapotea?"

"Hatapotea."

Akaachia mkono mmoja. Wa pili akabaki nao kwenye kitenge. Bibi akamchukua hivyo hivyo mpaka mlangoni mwa darasa, akakaa naye dawati la mbele kipindi kizima cha kwanza, magoti yamegota mezani, akinikagua ninavyofundisha. Kipindi kilipoisha akanyanyuka, akasema "haya" tu, akaenda zake. (Sijawahi kukaguliwa na mkaguzi mkali kama yule.)

Mapumziko Mwalimu Mkuu akaniita. Nikajua sasa ndiyo barua inakwenda wilayani. Akanirudishia mkononi.

"Nilitakiwa niipeleke Ijumaa mchana," akasema. "Nikapitiwa na usingizi. Kipindi cha tano, unavyojua mwenyewe." Akanitazama juu ya miwani. "Ichane, kafundishe. Na kitabu chenu si kinasema hakuna aijuaye siku wala saa? Wewe ulisoma kipi?"

Nikaichana.

Hapo ningekwenda nyumbani nikalala, mngekuwa hamna cha kusoma zaidi. Lakini wakati narudi, njia ya kwenda Maswa, nikaliona gari la Baba Mtume. Lile lile lenye spika. Limeinuliwa na jeki kwenye kibanda cha matairi. Fundi anafunga tairi jipya. Mengine mawili mapya yameshafungwa. La nne liko chini linangoja. Baba Mtume mwenyewe amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi.

Nikamuuliza fundi, kwa upole kabisa: "Kaka, haya matairi kaagiza leo?"

"Hapana mama. Kaagiza Alhamisi. Yalikuwa yanatoka Mwanza. Kasema yafike Jumatatu, maana Jumapili ana shughuli."

Jumapili ana shughuli!

Alhamisi! Sisi Alhamisi tunalia hemani, tunajiandaa kuaga waume zetu na kusamehe watu ambao hawajatukosea, na yeye anaagiza matairi ya Jumatatu! Mtu anayeondoka duniani Jumapili saa kumi anataka matairi ya nini? Ya kupandia mlima gani?

Nikamwendea. Akanitambua, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Binti yangu, usivunjike moyo. Jana ulikuwa mtihani wa imani."

"Mtihani?" Nikasikia sauti yangu imefika mpaka ng'ambo ya barabara. "Baba, mitihani ndiyo kazi yangu! Anayetunga mtihani anakuwa na jibu mfukoni. Jibu lako lilikuwa matairi!"

"Angalia maneno yako. Kwa moyo huo utaachwa."

"Nimeshaachwa! Shule nzima imenipa taarifa asubuhi!"

Watu wakaanza kusogea. Mama wa nyanya akaacha meza yake. Fundi akaja kuchukua lile tairi la nne, na mimi, msiniulize nini kilinipata, nikalikalia. Nikaketi juu ya tairi, na sketi yangu ya kazi, na mkoba wa madaftari ya watoto mapajani.

"Mama, naomba tairi," fundi akasema.

"Halitoki. Halitoki mpaka huyu akubali kuja kesho asubuhi mstarini, apande jukwaani, awaambie watoto kwamba hakuoneshwa chochote. Kuna mtoto amejifunga kamba na bibi yake kwa sababu ya maneno yake!"

"Kumbe ni yule wa Jumapili?" mama wa nyanya akauliza. "Dada yangu alimpelekea mbuzi!"

Kelele zikapanda. Baba Mtume akaweka soda chini, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaita bodaboda. Kwa mtu aliyekuwa anangoja mawingu, alipanda pikipiki kwa wepesi wa ajabu. Akaenda, gari lake akaliacha juu ya jeki na magurudumu matatu. Watu wakashangilia. Mimi nikabaki nimekalia tairi peke yangu kama mjinga, na niliposimama, sketi nyuma ilikuwa nyeusi kama chungu.

Nimetembea hivyo mpaka nyumbani. Shija ameniangalia mbele, akaniangalia nyuma. Akaniwekea maji ya kuoga.

Kuna kijana alikuwa anarekodi na simu. Kama imewafikia video ya mwalimu amekalia tairi anapiga kelele barabarani, ndiyo mimi, na sitaki kusikia kwamba nimeonekana mnene.

Wengine mtauliza kama sasa nimeacha kuamini. Sijaacha. Yesu atakuja, hilo namwachia mwenyewe. Nilichoacha ni tarehe. Siku akija atanikuta Darasa la Tatu B na chaki mkononi, na kama si usumbufu, namwomba avumilie kidogo tumalize jedwali la kuzidisha kwa saba, maana bado linawatoa jasho.