Kuku Aliyeahirisha Harusi ya Rukhshanda

Kwa Mheshimiwa Mhariri,
Gazeti la Mizani ya Asubuhi,
Faisalabad.

Desemba 9

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na ikiwezekana umeshiba kuku, maana kama kuna mtu mjini hapa anayeweza kumpata kwa bei unayoichapisha, ni wewe peke yako.

Mimi ni Sufi Ghulam Dastgir, mkaguzi mstaafu wa nyuzi katika kiwanda cha vitambaa. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kuweka lenzi juu ya kitambaa na kuhesabu nyuzi, na uzi mmoja ukipungua nilirudisha jora zima. Nakutajia haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu anayekasirika ovyo. Mimi hukasirika kwa vipimo.

Gazeti lako nalinunua kila siku kwa ajili ya kile kisanduku cha ukurasa wa kwanza, chini kushoto, penye bei ya kuku ya siku hiyo. Habari nyingine nawaachia wenye muda. Serikali kadhaa zimeingia na kutoka juu ya kisanduku kile bila mimi kuzitupia jicho. Lakini sasa yamenifika hapa shingoni, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuku wenu hayupo. Jumatatu mliandika kwamba kuku hai ni rupia 418 kwa kilo. Nilikata kisanduku kwa mkasi nikaenda nacho kwa Ustadi Shafi, muuza kuku wa mtaani kwetu, mtu mwenye vizimba vitano vya waya na ulimi unaotosha vizimba kumi. Sheria inamtaka abandike orodha ya bei ya serikali mahali panapoonekana. Ameibandika, ila mbele yake ametundika kalenda ya mwaka juzi. Nikampa kipande changu. Akafuta mikono, akakisoma taratibu kama anasoma hati ya mahakama, akanirudishia. "Sufi Saab, gazeti halikudanganya," akasema. "Bei ni hiyo hiyo, 418. Sasa mwambie mhariri akuuzie yeye. Huyu wangu ni 470, maana huyu ana manyoya." Watu wote dukani wakacheka, akiwemo imamu wetu. Kwa hiyo naomba kwa heshima anwani ya huyo kuku wa 418. Nitamfuata hata kwa miguu.

2. Kuku wenu hatulii. Hapa sina budi kukueleza jambo la nyumbani. Binti yangu Rukhshanda, mwalimu wa shule ya wasichana, amechumbiwa na kijana aitwaye Tauqeer, fundi wa transfoma, mwana wa Malik Allah Ditta. Unajua mila yetu: siku msafara wa bwana harusi unapokuja kumchukua bibi harusi, anayeulisha ni baba wa msichana. Wageni mia mbili. Novemba ya mwaka jana mliandika 360, nikapanga tarehe, nikachapisha kadi zenye maua ya dhahabu. Wiki mbili baadaye mkaandika 505. Ningefanya nini? Nilimpigia Malik nikamwambia dada yangu wa Sargodha amevunjika mguu. Baada ya Idi ya Ramadhani nikapanga tarehe ya pili, mkapandisha tena, na dada yangu akavunjika mguu wa pili. Oktoba mlipopandisha mara ya tatu, miguu ilikuwa imekwisha, nikahamia kwenye nyongo. Dada yangu, Ndugu Mhariri, ana afya tele na huja kwetu kila Ijumaa. Kwa sababu ya gazeti lako sasa inabidi aje akiwa amefunika uso.

3. Kuku wenu ni mgonjwa mwaka mzima. Nimeweka kumbukumbu ya sababu mnazozitoa. Juni mliandika kwamba bei imepanda kwa kuwa joto limeua kuku. Januari mliandika kwamba bei imepanda kwa kuwa baridi imeua kuku. Februari ukungu ulifunga barabara na malori hayakufika. Machi ukungu uliondoka, malori yakafika, bei ikapanda kwa kuwa watu walifurahi wakanunua sana. Ni mwezi gani basi kuku huyu hujisikia vizuri? Nimechunguza nikaupata. Ni Muharram. Katika mwezi wa maombolezo, ambapo hapa kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayepiga ngoma ya harusi, kuku hupona, hunenepa na hushuka bei hadi watu wanamlisha paka. Kwa maneno mengine, kuku wa mkoa wetu wa Punjab ananunulika pale tu ambapo kuoa ni fedheha. Sikuoni ukiandika tahariri juu ya hili.

4. Mmekaa kimya kuhusu chakula kimoja. Sheria ya mkoa wetu inasema harusini kipikwe chakula kimoja tu, watu wasifilisike kwa kushindana. Sheria nzuri, aliyeitunga bila shaka alikuwa na wana wa kiume watupu. Zamani baba alikuwa na pa kujificha: kuku akiwa kidogo, kulikuwa na kababu, kababu zikiisha, kulikuwa na wali. Siku hizi sufuria ni moja, na heshima yote ya ukoo inaogelea humo ndani. Nilipomgusia Malik kwamba huenda tukapika dengu zilizokaangwa vizuri na siagi, aliniuliza kama namba niliyopiga ndiyo niliyoikusudia. Kisha akasema, "Sufi Saab, mimi naleta wazee mia mbili kutoka kijijini kwa mabasi manne. Wakilishwa dengu, hata kwenye mazishi yangu hawatakuja. Kuku, tena mguu kwa kila mtu. Anayepewa bawa arudi kwao na bawa lake?" Ukokotoe mwenyewe: kuku ana miguu miwili, nao hawapungui mia mbili.

Nakiri kwamba Tauqeer mwenyewe alinifuata nje ya msikiti akaniambia, "Mzee wangu, mimi hata chai na biskuti inanitosha, nipe tu tarehe." Kijana mzuri, lakini hajui uzito wa harusi yake, ndiyo maana nimelazimika kuubeba mimi.

5. Lalamiko la tano nimelifuta. Lilimhusu mke wa Malik.

6. Mmeniharibia asubuhi zangu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri natoka kununua gazeti. Nikirudi, Rukhshanda ameshamimina chai, ameweka paratha, chapati yetu ya samli, iliyokunjwa pembe nne, ile niipendayo, na kikombe amekigeuza mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto unanitetemeka. Nami nasoma kisanduku kwa sauti. Zamani alikuwa akinitania: "Haya Abbaji, leo naolewa au nimepanda?" Nikisema amepanda, anacheka, anachukua mkoba wake anakwenda shule. Alipotimiza miaka ishirini na tisa mwezi Septemba aliacha kuuliza. Sasa nasoma bei, yeye anaosha sufuria. Vazi lake jekundu la harusi limetundikwa nyuma ya mlango na limefunikwa kwa shuka. Fundi ameshalipunguza mara mbili.

7. Na hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Alhamisi iliyopita Malik Allah Ditta alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Sufi Saab, umetuahirisha mara tatu. Nimeuliza Sargodha. Dada yako anacheza na wajukuu. Jumapili hii nipe tarehe, la sivyo kuna familia moja Jhang wana binti, na kwao hakuna habari za kuku, wanachinja mbuzi. Mimi nampenda Rukhshanda kama mwanangu, lakini Tauqeer sitamkalisha mpaka awe babu." Rukhshanda alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote. Hakulia, Ndugu Mhariri, ningependa uandike hivyo. Alikwenda akaweka maji ya chai, na ile chai hakuna aliyeinywa.

Kwa kuwa makosa yote haya chanzo chake ni kisanduku chako, naona ni haki uyarekebishe kama ifuatavyo.

Kwanza, andika bei moja uiache hapo hapo hadi nitakapomaliza kumwoza binti yangu. Kama haiwezekani, basi tangaza kwamba watu wote wa Faisalabad wasioane kwa wiki mbili, isipokuwa binti yangu, ili kuku adhani ni Muharram. Kuku hasomi, lakini wauzaji wake wanasoma. Kama nalo ni zito, basi siku ya harusi uje wewe mwenyewe, usimame kando ya sufuria na gazeti mkononi, na kila mzee atakayepewa bawa umwonyeshe kisanduku, umweleze kwa maneno yako kwamba kwa mujibu wa Mizani ya Asubuhi huo ni mguu.

Na ukishindwa yote, nadai jambo moja tu, na hili sitalipunguza hata chembe. Chapisha ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, kwamba harusi ya Rukhshanda binti Ghulam Dastgir imecheleweshwa na gazeti hili kwa miezi kumi na mitatu; kwamba baba yake alijitahidi kadiri ya uwezo wake; na kwamba kila alipotaka kumwoza, bei ilimzuia. Nitalipeleka kwa Malik kabla ya Jumapili. Nitamsomea mwenyewe.

Wasalimie wafanyakazi wote wa gazeti, wapiga chapa, wasambazaji, na hasa yule bwana anayechora kile kijikuku kando ya bei. Mwambie kuku wake anatabasamu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na ningependa kujua anachokifurahia. Wasalimie pia nyumbani, na kama Mungu amekujaalia mabinti, nakuombea wachumba wasiokula nyama.

Ndimi msomaji wako mtiifu, niliyechoka na niliye tayari kusubiri jibu dirishani pako,

Sufi Ghulam Dastgir
Mkaguzi wa nyuzi (mstaafu)

Tanbihi: Nakuomba usiichapishe barua hii.

Nilikuwa nimeshaipaka gundi bahasha. Rukhshanda alikuwa akininyooshea kizibao ili nije ofisini kwako nikiwa na sura ya mtu wa kusikilizwa. Alitoa karatasi katika mfuko wa ndani, akaifungua, akaiweka kando ya kikombe changu, mkono wa kulia. Ni gazeti lako la mwaka huu, siku ya nne baada ya Idi Kubwa, wakati majokofu ya mji mzima yalikuwa yamejaa nyama ya mbuzi na hakuna aliyemtaka kuku. Kisanduku kinasema 236. Pembeni, kwa mwandiko wangu, maana siwezi kuacha kipimo bila kukihakiki, imeandikwa: "Kwa Shafi pia 236." Muharram ilikuwa bado wiki mbili na ushei. Watu watatu wa mtaa wetu waliwaoza mabinti zao wiki ile ile. Mimi nilikuja nyumbani nikakaa mezani, nikasoma kwa sauti: 430.

Niliandika hapo juu kwamba kila nilipotaka kumwoza, bei ilinizuia. Siku ile bei haikunizuia. Nilijizuia mwenyewe.

Hakunigombeza. Aliketi, jambo ambalo asubuhi halifanyi kamwe, akaniuliza, "Abbaji, siku ile uliogopa nini?" Nikamjibu kwamba nilidhani bei itashuka zaidi. Akaisogeza karatasi ile karibu yangu zaidi. Mama yake alifariki miaka tisa iliyopita, na tangu hapo sijawahi kurudi na gazeti nikakuta jiko limezima. Nikamwambia, "Naogopa asubuhi, mwanangu." Akasema, "Nyumba ya kina Tauqeer ni vituo viwili tu vya basi kutoka hapa. Unadhani huko hakuna chai?" Hapo ndipo tulipolia, wote wawili. Hilo ukitaka liandike.

Nimempigia Malik. Harusi ni Jumapili ya wiki ijayo. Kisha nimekwenda kwa Ustadi Shafi nikaagiza kuku mia na kumi, na nilipogeuka kuondoka alinishika mkono, akaniuliza kama ninaumwa, kwa sababu sikumwuliza bei.