Ile ya Zamani Ndiyo Yenyewe

Alhamisi, 6 Juni

Furaha itaniua! Mchumba kanifuata kiwandani saa ya chakula. Kanikuta nimejaa vumbi la sponji mpaka kwenye nyusi (nakata magodoro, na mashine yetu inakohoa kuliko mgonjwa). Kasema baba yake amekubali kuniona Jumapili. Nikimpendeza, harusi itapangiwa tarehe hapohapo. Nisipompendeza, basi tena. Halafu akaongeza kwamba Mzee, fundi bomba mstaafu, siku hizi hana mazungumzo mengine ila Wahamiaji wa Zohali.

Wahamiaji wa Zohali! Tamthilia bora ya anga za juu tangu dunia iumbwe! Chombo chao kimeundwa kwa maboksi na ndoo zilizopakwa rangi ya fedha, na bado nalia kila kinaporuka. Nikamwambia Mchumba kwamba mimi na Mzee tumeshakuwa ndugu. Akajikuna shingo. Akasema, ila Mzee anatazama ile mpya, iliyoigizwa upya juzijuzi. Ile ya zamani aliionjaonja akaiacha, anasema inamchosha macho.

Ile mpya. Ile ambayo nahodha anavua kofia ya hewa ili tuone nywele zake. Nimelirudisha tonge sahanini. Mchumba ameniomba kitu kimoja tu, nisitoe maoni. Nimeapa. Kwani kunyamaza ni kazi?

Jumapili, 9 Juni

Kunyamaza ni kazi.

Nilifika mapema, shati limenyooka, shikamoo zikatoka safi. Mama Mkwe (namwita hivyo moyoni, bado sijaruhusiwa) akaniita mwanangu. Vizuri! Kuingia sebuleni, nani kajitandaza kwenye kochi? Jirani yao, Daktari wa Meno. Mama Mkwe amekuwa akimtaka huyo amwoe binti yake tangu zamani, hilo halina siri. Mtu mwenyewe hajui Zohali ni sayari au ni dawa ya mswaki. Mzee akisema lolote, yeye anajibu, kweli kabisa Mzee. Mara anauliza, hivi hao watu hawaunguzwi na jua? Na Mzee anamweleza kwa raha zake, mikono hewani. Mnafiki mkubwa!

Mimi nimeuma ulimi. Nahodha kavua kofia, nimeuma ulimi. Chombo kimelipuka kwa kishindo, wakati huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti, nimeuma ulimi. Kisha Mzee akanigeukia, kwa upole kabisa, akauliza mbona kijana kimya, nimeionaje?

Nikasema nzuri. Si ningeishia hapo! Lakini mdomo uliponza kichwa. Nikasema, nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuona kizuri. Mzee akazima runinga. Daktari akasema wapo watu wagumu kuridhika. Mchumba alinisindikiza mpaka getini, na komeo alilisukuma kwa nguvu zake zote.

Jumatatu, 10 Juni

Nimewaza kutwa nzima mbele ya mashine. Mdomo wangu hauna tatizo. Tatizo ni kwamba Mzee aliitazama ile ya zamani bila mtu wa kumwelekeza. Maskini, angeipendaje?

Dawa ninayo! Mwaka jana nilipougua nikakaa nyumbani, nilijirekodi nikiieleza tamthilia yote, sauti yangu juu ya picha, mwanzo mpaka mwisho. Ipo kwenye flashi. Nimempa Mchumba aipeleke. Akaniuliza mara mbili kama ndani hakuna jambo la kuudhi. Nikamwambia ni elimu tupu.

Jumatano, 12 Juni

Ole wangu. Ole wangu mimi!

Walikaa wote jana kuitazama. Daktari alileta spika zake kubwa ili Mzee asikie vizuri. Sehemu ya kwanza salama. Ya pili, Mzee alizichekea zile ndoo, akasema kumbe haina ubaya. Ya tatu, sauti yangu ikajaa sebule nzima ikitangaza kwamba apendaye ile mpya hana akili hata ya kuzibua sinki.

Mzee amezibua masinki maisha yake yote. Ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo! Nilikuwa na homa!

Mchumba anasema Mzee aliinuka. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalitazama, akalifunga. Daktari akauliza kama aongeze sauti.

Leo Mchumba amelia mbele yangu. Amembembeleza baba yake mpaka sauti imemkauka, na amenipatia Jumapili moja ya mwisho. Niombe radhi, niseme ile mpya ni nzuri, kisha nifunge mdomo. Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivi. Akasema kwa sababu nataka kuolewa na wewe, mjinga wewe. Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo, na sijawahi kuogopa kama leo.

Ijumaa, 14 Juni

Nafanya mazoezi. Nasimama mbele ya kioo, nasema ile mpya ni... taya linagoma. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho. Nimejaribu kuimba.

Kazini nimejaribu huku nakata. Godoro la watu wawili likatoka la mtu mmoja na mtoto mchanga. Msimamizi akaliinua juu, akauliza kiwanda kizima nani alale hapa. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ila wakati wanacheka nimelisema lote, ile mpya ni nzuri. Nikaenda chooni kunawa mdomo.

Jumapili, 16 Juni

Nimesema! Nimepiga goti, nimeomba radhi, nimesema ile mpya ni nzuri, bila kukohoa. Mzee akaniinua. Mama Mkwe akajifuta macho na upande wa kanga. Daktari akachungulia dirishani kama anayetafuta njia ya kutokea. Ushindi!

Kisha Mzee akacheka kidogo, akasema nami nina la kukiri, kijana. Nimeimaliza ile ya zamani kimyakimya. Ndiyo yenyewe.

Nilitaka kumbusu! Akaendelea. Akasema hasa sehemu ya tano.

Sehemu ya tano! Ile ambayo bomba linapasuka chomboni, wasomi wote wanababaika, na anayewaokoa ni fundi bomba. Ni takataka. Maji yanamwagika sakafuni kama ya bafuni, wakati huko juu yangeelea! Mchumba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, anatikisa kichwa. Nilimwona. Naapa nilimwona.

Nikamweleza Mzee. Akasema taratibu kwamba katika umri wake wote hajawahi kuona sinema ambayo fundi bomba ndiye shujaa. Nikamjibu hilo linaeleweka, kwa sababu si sayansi.

Hakukasirika. Bora angekasirika! Alisema amechoka, akaenda kulala saa kumi jioni. Daktari akasema sehemu ya tano ilimgusa sana. Hajaiona! Nilimwambia mbele ya wote kwamba hajaiona! Nilipogeuka, sinia lilikuwa mezani na Mchumba hayupo.

Jumanne, 18 Juni

Basi. Imekwisha.

Ujumbe wake umeingia nikiwa kazini. Anasema baba yake alikuwa ameshachagua tarehe, nilichotakiwa ni kumwachia mzee wa watu sehemu moja tu. Anasema alinipenda na bado inamuuma, ila amechoka kusubiri maoni yangu yaishe. Anasema mimi ni yule rubani aliyeachwa peke yake Zohali, anaongea na redio wakati wenzake walishaizima.

Nimekaa sakafuni katikati ya vipande vya sponji nikalia kama mtoto. Msimamizi mwenyewe kaniletea maji. Kumbe Mchumba alikuwa anaitazama ile ya zamani! Miezi yote hiyo nilipokuwa namwekea aione, nilidhani analala begani kwangu, kumbe alikuwa macho, kwa ajili yangu, mpaka rubani anamkumbuka. Nitampata wapi mwingine wa hivyo?

Nimenawa uso nikamjibu. Nimemwambia nampenda. Nimemwambia nimekosa, kwake, kwa Mzee, kwa mama yake, na kwamba sitaki maisha asiyokuwamo. Yote kweli tupu, yote kutoka moyoni. Kisha nikamweleza, kwa heshima, kwamba rubani hakuachwa Zohali. Zohali ni gesi, mtu hana pa kukanyaga. Aliachwa kwenye mwezi wake.

Hajajibu. Nadhani anairudia ile sehemu ili ahakikishe.