Bahari ya Machakos Yazinduliwa Rasmi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bahari ya Kidijitali, ambaye ni mimi. Makamu wake, ambaye hajafika. Wachungaji, mapadri, Mzee Dayib wa soko la mbuzi, viongozi wote mlioketi kwa viti vyenye mito, na nyinyi wengine: habari zenu! (Makofi machache.)

Miezi sita iliyopita niliahidi kwamba vijana wetu watafundishwa motion graphics, yaani picha zinazotembea, kwa kompyuta ishirini za kisasa, hadi watutengenezee bahari, na maadui wa maendeleo wakauliza, eti sisi watu wa nchi kavu tutatoa wapi bahari? Haya, bahari ndiyo hiyo kwenye skrini, imetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne, kwa kuzingatia framework, roadmap na stakeholders wote! (Vigelegele.) Tazameni samaki wanavyopita. (Samaki mmoja anapiga chafya.) Hiyo ni sound effect. (Samaki wa pili anamwambia, "Pole.") Na hiyo ni dialogue, mkitaka kujua! Na yale mapovu yanayoanguka badala ya kupanda, na moja limemgonga Mzee Dayib, hiyo inaitwa three-D. Pole, mzee.

Mwanafunzi bora ni Linet, ambaye sasa hivi yuko huko nyuma na mitambo. Jumatatu anaitwa mahojiano ya kazi Athi River, kwa kampuni ya matangazo. Atawekewa kompyuta mbele yake, aambiwe afanye samaki aogelee. Mama yake ameshatangazia kanisa zima. Hiyo kazi ni yako, Linet, mimi nimesema! (Mama Linet anapangusa machozi.)

Samaki oyee! Teknolojia mashinani! (Oyee hafifu.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mama Ndila kwa kutuazima shuka la bluu, Kilonzo kwa kukata samaki kwa katoni za sabuni, na nyinyi wanafunzi mlioinama nyuma ya shuka mkiwatembeza kwa vijiti, maana zile kompyuta hata kuagiza hatukuagiza. (Linet anatokeza, samaki mkononi: "Sasa mheshimiwa, Jumatatu nitafanya nini? Mimi kompyuta sijawahi kuigusa!")

Usijali, binti yangu. Wakishaiwasha tu, wewe zunguka nyuma yake, uiname, uanze kazi. Muvea muno, asanteni sana!