Kondoo Mrefu wa Kupeleka Ukweni

Jumapili, 8 Julai
Bismillahi. Mke wangu Tida kaenda kwao. Kachukua mkeka, sufuria kubwa, na hakuaga. Kisa ni wale kondoo wake majike watano. Nimewabadilisha kwa dume mmoja. Sikumuuliza, ni kweli. Lakini dume gani! Katoka kaskazini kwenye nchi kavu, mweupe pe, miguu kama ngazi. Wale watano walikuwa mbilikimo wa hapa hapa kwetu, mtu mzima unawaruka bila kukunja kanzu.
Mchana baba mkwe, mzee Kausu, kamtuma muadhini. Ujumbe: siku ya Idi ya Kuchinja niende na paja la kondoo wa heshima, ndipo tutazungumza habari ya mke. Vinginevyo nisichoshe viatu vyangu. Zimebaki wiki sita na ushei. Paja la huyu wangu peke yake ni kondoo mzima! Nimekula uji wa jana, baridi, kwa furaha.

Jumamosi, 14 Julai
Nampeleka bondeni, pembeni mwa mashamba ya mpunga. Majani mabichi, marefu, yana umande mpaka saa nne. Bure! Jirani yangu Nfally kapita. Ni mtani wangu, koo zetu zinataniana tangu enzi, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote. Kaitumia yote.
"We mtumwa wangu, mla kunde! Huyo si kondoo, ni punda aliyekosa masikio. Mtoe majini humo, kuna minyoo!"
Nikamwambia kondoo wake wako mlimani wanatafuna majani makavu ya karanga kama wanakula fagio. Akasema wafupi wake wanajuana na minyoo hiyo tangu kwa babu zao, miili yao inaijua na kuipiga. Mrefu wangu ni mgeni, hajui hata adui kaingilia wapi. Nikamjibu mgeni njoo mwenyeji apone. Mtani ana ruhusa ya kusema. Mimi nina ruhusa ya kutosikia.

Jumanne, 31 Julai
Dume anatembea polepole. Ni fahari tu, wakubwa hawakimbii. Pumba anazinusa na kuziacha. Nimezila... la, nimempa kuku. Mbavu zinaonekana kidogo. Nimemwogesha kwa sabuni, weupe huongeza mwili. Nikaswali rakaa mbili kwa ajili ya mbavu.

Jumatatu, 13 Agosti
Alhamdulillahi! Kidevu! Asubuhi nimekuta chini ya taya pamevimba, laini, panatikisika kama tumbo la tajiri. Mafuta yameanzia juu, yatashuka. Nimemwita Nfally aje aone na aumie. Kaminya kwa kidole, kanyamaza. Nfally, ambaye hata msikitini hanyamazi! Kisha akasema taratibu kwamba hayo si mafuta, ni maji, na damu ya mnyama imekwisha. Wivu, Mungu amsamehe.
Nikamtuma mkewe kwa Tida, amwambie dume sasa ana videvu viwili. Jibu limerudi jioni: "Mwambie hata mimi nilikuwa navyo, kabla hajanioa."
Hapo kuna dalili ya kunikumbuka.

Alhamisi, 16 Agosti
Bi Haddy, mtaalamu wa mifugo, kafika na pikipiki yake. Naamini Nfally ndiye kamwita. Kavuta kope la dume: ndani peupe kama karatasi. Minyoo imejaa tumboni, inanyonya damu. Nikauliza mbona basi hali, mwenye minyoo si huwa na njaa? Akasema mwili ukiingia vitani na minyoo, hamu ya chakula hupotea, na kidogo kinacholiwa kinakwenda kulisha askari. Kwa hiyo minyoo inakula na vita navyo vinakula. Wafupi wetu vita hivyo wanavimudu. Huyu hawezi.
Nikaona mwanga. Nikamuuliza hakuna dawa ya kuuambia mwili ufanye suluhu, ili nyama irudi kabla ya Jumatano?
Akafungua chupa ya dawa. "Baba, suluhu na minyoo inaitwa mzoga."
Kamnywesha dawa ya minyoo pale pale. Baada ya kumnywesha ndipo akasema nyama yake isiliwe kwanza, mpaka majuma kadhaa yapite. Idi ni siku sita!

Jumapili, 19 Agosti
Nimekwenda kwa imamu na hoja. Kasema mnyama mgonjwa hachinjwi Idi, wala aliyekonda mpaka hana uboho mifupani. Nikauliza urefu hauwezi kufidia upana? Akaniuliza kama nimekula leo. Sikuwa nimekula. Kanipa wali, nikalia kidogo juu yake. Miaka kumi na tisa na Tida. Nyumba haina sauti, hata ya kunigombeza.

Jumatano, 22 Agosti
Idi. Tumerudi kutoka kuswali, kila ua linanoa kisu. Mimi nimekaa na kanzu mpya na mikono mitupu. Nfally kaingia anavuta dume lake la pili, fupi, pana kama kinu kilicholazwa.
"Shika, mtumwa wangu. Mtumwa wa mtu haaibiki ukweni, aibu humrudia bwana wake."
Nikashika kamba, nikapangusa macho. Moshi ulikuwa mwingi.
Mzee Kausu kalipokea paja, kalibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama kwenye mafuta. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tida alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya anatazama kuku. Sharti lao moja: niape mbele ya wazee kwamba sitabadilisha tena kondoo wala mbuzi bila kumuuliza mke wangu. Nikaapa, kwa moyo wote. Tumerudi pamoja, sufuria nimebeba mimi.

Jumamosi, 25 Agosti
Tida kapika mchuzi wa karanga. Nyumba ina kelele, shukrani kwa Mola.
Nimetafakari sana kosa langu. Nimeliona: kondoo, hata awe mrefu vipi, ni mdogo. Minyoo inammaliza upesi. Yuko mfanyabiashara wa kaskazini mwenye fahali mwenye nundu kama kichuguu, nimemwona kwa macho yangu. Na pale msituni kando ya mto kuna majani mpaka kifuani, hakuna anayelisha. Wanasema mbung'o. Nfally anadai ni ng'ombe wetu wafupi tu wanaostahimili ugonjwa wake, wageni hukonda mpaka kufa. Lakini inzi mmoja anabeba damu kiasi gani? Mwili wote ule atauanzia wapi?
Mfanyabiashara anataka mitamba wetu wawili kwa fahali huyo. Kiapo nimekipitia neno kwa neno: kondoo na mbuzi. Ng'ombe hawakutajwa, na mimi si mtu wa kuongeza maneno katika kiapo.
Anakuja Jumatatu asubuhi. Tida atakuwa shambani kwa mpunga. Inshallah itamfurahisha sana.